CRP ya 12 kabla ya kurudi Lusaka: jibu kwa mama wa Lubumbashi

Mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye umri wa miaka 34, ameniandikia hivi: «Daktari, mirija yangu yote miwili imeziba. Mwaka jana mimi na mume wangu tulienda Lusaka kufanya FIV (kutungishia mimba maabara). Waliniwekea kiinitete kimoja, hakikushika. Vimebaki viwili vilivyogandishwa. Kliniki imeniomba vipimo vya damu kabla ya kurudi. Labo ya kwanza iliandika CRP 0,9. Baada ya wiki tatu nilipima kwenye labo nyingine karibu na nyumbani, wakaandika CRP 12, VS 41 na hemoglobini 9,6. Katikati ya vipimo hivyo nilianza vidonge vya kupanga mzunguko nilivyopewa na kliniki. Muuguzi mmoja wa mtaani kwetu anasema damu yangu inawaka, kwamba ndiyo iliyoua kile kiinitete cha kwanza, na kwamba ninywe prednizoloni pamoja na antibiotiki mpaka CRP ishuke. Je, ni kweli? Na je, niahirishe safari?»

Mama, nakushukuru kwa kuandika namba zako pamoja na dawa ulizokuwa ukinywa, na kwa kunitumia picha za karatasi zenyewe, kwa maana bila hayo nisingeweza kukujibu kitu cha kukusaidia. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba CRP ya 12, yaani kile kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana na kitu kinachousumbua, haielezi kilichotokea mwaka jana, haitabiri kitakachotokea safari hii, na peke yake si sababu ya kunywa prednizoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili. Hata hivyo, ndani ya barua yako mna mambo mawili, yaani mirija iliyoziba na hemoglobini ya 9,6 (upungufu wa damu), ambayo yana uzito mkubwa kuliko CRP, na inaelekea hakuna aliyekaa nawe akakueleza lolote juu yake.

Tuanze na namba. Kwenye picha ulizotuma, labo ya kwanza imeandika mg/dL kwa herufi ndogo pembeni ya 0,9, na labo ya pili imeandika mg/L pembeni ya 12. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo 0,9 ya labo ya kwanza ni sawa na 9 kwa kipimo cha labo ya pili. Hukutoka 0,9 ukafika 12. Ulitoka 9 ukafika 12, na hata hiyo tofauti iliyobaki haina nguvu, kwa sababu labo hizo mbili hazikupima kwa njia moja. Ya kwanza ilitumia mashine inayosoma kiasi chenyewe. Ya pili imeandika neno «latex», maana yake mtaalamu wa labo aliweka tone la majimaji ya damu yako juu ya kibao cheusi, akalichanganya na tone la rojo jeupe la latex, akakitikisa kibao taratibu kwa dakika mbili hivi huku akiangalia kama chembe zinagandana. Zikigandana, ina maana CRP imefika takriban 6 au zaidi. Hapo huizimua damu mara mbili, mara nne, mara nane, na kuangalia inapoacha kugandana. Ndiyo maana majibu ya njia hii huwa 6, 12, 24, 48 au 96, na huwezi kuona 9 wala 17. Jibu la 12 kwa latex ni ngazi tu, si kiasi kamili, na mtu mwenye 12 au mwenye 20 anaweza kuandikiwa namba ileile. Njia hiyo inafaa sana kwa kazi iliyotengenezewa, ya kutofautisha mgonjwa mwenye maambukizi makali na asiye nayo, lakini haifai kulinganisha mama mwenye 9 na mama mwenye 12.

Kisha kuna vidonge vyako. Vidonge vya kupanga mzunguko kwa kawaida vina estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni inayomezwa hutoka tumboni ikaenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo linalotengeneza CRP, na likipata estrojeni kwa njia hiyo huongeza utengenezaji hata kama hakuna ugonjwa wowote. Estrojeni ya kubandikwa kwenye ngozi haina athari hiyo, jambo linalotuonyesha kwamba shida iko kwenye njia inayopitia. Mwanamke mzima wa afya anayekunywa vidonge hivi anaweza kuwa na CRP ya juu kuliko dada yake asiyevinywa. Tafadhali usiviache kwa sababu ya maneno yangu haya, maana kliniki imevipanga kwa hesabu yake. Nataka tu ujue kwamba kipimo chako cha pili kilichukuliwa ukiwa unavinywa na cha kwanza hukuwa unavinywa.

Sasa CRP yenyewe ni nini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York, katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu, na siku hizi ni kimojawapo cha vipimo ambavyo daktari huomba anaposhuku mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka na kuvimba unapopambana na vijidudu, jeraha au kitu kingine kinachousumbua. Chembe za kinga zikichokozwa hutoa ujumbe wa kemikali, mmojawapo ukiwa interleukini-6. Ujumbe huo ukifika kwenye ini, ini humwaga CRP ndani ya saa chache. Chanzo kikiisha, CRP iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo ni kipimo chepesi, kinachopanda haraka na kushuka haraka, lakini hakina anwani. Ni kama moshi unaouona juu ya mtaa ukiwa mbali: unajua kuna kitu kinaungua, lakini hujui kama ni nyumba, ni takataka, au ni mama anayechoma mahindi. Jino lililooza, kidonda mguuni, mkojo wenye vijidudu, mafua yaliyokwisha juzi, mafuta yaliyojaa tumboni, vidonge vya estrojeni: vyote hivi vinaweza kukupa 12. Malaria yenye homa, ambayo Lubumbashi tunaijua vizuri mvua zinapoanza Novemba, hupandisha CRP kwa makumi na mara nyingi hupita 100, na kwa sababu hiyo mtu aliyetoka kuugua malaria wiki hii hafai kabisa kupimwa CRP kwa ajili ya mambo ya uzazi.

VS ni kipimo cha zamani zaidi, na ndani yake mna mtego ambao wengi wanaanguka. Damu huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama, halafu baada ya saa moja hupimwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kwa mwanamke, kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana ni kuchukua umri, kuongeza 10, kisha kugawa kwa mbili. Kwako inakuwa 22, na wewe una 41. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini chembe nyekundu zikiwa chache hushuka upesi, kwa hiyo upungufu wa damu peke yake unaipandisha VS, na hemoglobini yako ni 9,6 wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye na mimba ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Kwa maoni yangu VS yako inazungumzia zaidi huo upungufu wa damu kuliko kizazi chako. Naongeza kwamba kwa mwenye ugonjwa wa selimundu mambo hugeuka: chembe zake zenye umbo la mundu hazipangani vizuri, hivyo VS yake hubaki chini hata akiwa na maambukizi makali.

Nakuja kwenye swali lililokuumiza zaidi, kama damu yako ndiyo iliyoua kile kiinitete. Hakuna kipimo cha damu kilichochukuliwa mwaka huu kinachoweza kusema hivyo juu ya kiinitete cha mwaka jana, na anayekuambia hivyo anakutwika mzigo usiokustahili. Viinitete vingi havishiki kwa sababu ya kasoro za kromosomu zilizotokea yai lilipokuwa linakomaa au siku za kwanza za kugawanyika, na hilo hutokea kwa sehemu kubwa ya viinitete hata kwa wanawake walio chini ya miaka 35. Kiinitete kimoja kutoshika ni jambo la kawaida katika FIV popote duniani, na peke yake hakimfanyi daktari aanze kutafuta ugonjwa wa kinga.

Ni kweli kwamba watafiti wamelichunguza sana suala la mchochota na matokeo ya FIV, na sitaki kukuficha kwamba wapo waliokuta wanawake wenye CRP ya juu wakipata mimba kwa uchache. Wapo pia waliokuta hakuna tofauti. Ukizisoma tafiti hizo kwa makini unaona kwa nini hazikubaliani: wengine walipima kabla ya sindano za kukuza mayai, wengine siku ya kutoa mayai, wengine siku ya kuweka kiinitete. Sindano za kukuza mayai hupandisha estrojeni mara nyingi kuliko kawaida, na kutoa mayai kwa sindano ni jeraha dogo. Vyote viwili huongeza CRP, kwa hiyo namba ya siku moja haiwezi kulinganishwa na ya siku nyingine. Jambo la pili ni uzito. Mafuta ya mwilini hutengeneza interleukini-6, na mwanamke mnene huwa na CRP ya juu. Unene nao unaweza kupunguza mafanikio ya FIV kwa njia nyingine kadhaa. Usipotenganisha hayo mawili, utaishtaki CRP kwa kosa la mwingine.

Tena lipo jambo ambalo watu wa dawa za mitaani hawalisemi, pengine kwa kutolijua: kiinitete kinahitaji mchochota kiasi ili kishike. Siku kinapojichimbia kwenye utando wa ndani wa kizazi, chembe za kinga hukusanyika mahali pale, hulainisha utando, husaidia mishipa mipya ya damu kuota, kisha hutulia mimba inapoendelea. Mwili haukipokei kiinitete kwa ukimya. Unakipokea kwa msukosuko uliopimwa. Ndiyo maana mawazo ya kuzima kila mchochota kabla ya kupandikiza yanaonekana mazuri ukiyasikia, lakini hayajafanya kazi yalipojaribiwa.

Na yamejaribiwa. Nchini China, katika vituo vinane vya uzazi, wanawake 715 ambao viinitete vyao vilikuwa vimeshindwa kushika mara kwa mara waligawanywa kwa kura: nusu walipewa prednizoni, dawa ndugu ya prednizoloni, miligramu 10 kwa siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37,8 kwa waliopewa dawa na asilimia 38,8 kwa wasiopewa, na miongoni mwa waliopewa dawa mimba zilizotoka mapema sana na watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi. Hao walikuwa wanawake walioshindwa mara nyingi, ambao kama dawa ingesaidia ingewasaidia wao kwanza. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilitoa mwongozo unaosema kwamba vipimo vya kinga vya damu pamoja na dawa kama hizi havifai kutolewa kama desturi katika FIV.

Kwetu sababu za kuiogopa prednizoloni ni nyingi kuliko huko. Kwanza, itaishusha CRP yako bila kuponya chochote: namba itapendeza huku maambukizi, kama yapo, yakiendelea chini kwa chini. Pili, inapunguza ulinzi dhidi ya kifua kikuu kilicholala, na wengi wetu tumekibeba bila kujua. Tatu, kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi unaoweza kuishi tumboni miaka mingi bila dalili, na ukipewa nafasi na prednizoloni huzaliana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Inapandisha pia sukari na shinikizo la damu, mambo mawili ambayo hutaki kuanza nayo mimba. Dawa hii ina magonjwa yake ambayo kwa ajili yake mimi huiandika bila kusita. CRP ya 12 haimo.

Huenda kliniki itakutajia kipimo kingine, uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, ambao hupatikana kwa kugawa namba mbili zilizo tayari kwenye karatasi ya hesabu kamili ya damu. Ni rahisi na hauna gharama ya ziada, na ndiyo maana tafiti zake zimekuwa nyingi. Tatizo ni kwamba viwango vyake vimewekwa hasa kwa damu za watu wa Asia na Ulaya. Waafrika wengi wa ukanda wetu hawana alama ya Duffy juu ya chembe nyekundu zao, urithi uliotukinga na malaria ya aina ya vivax, na urithi huohuo hufanya neutrofili zetu katika damu ziwe chache kuliko za Mzungu bila ugonjwa wowote. Uwiano wako utatoka chini kwa asili yako. Ukisomwa kwa kiwango cha watu wengine, unaweza kuambiwa huna mchochota wakati unao. Na ukimeza prednizoloni, dawa hiyo huongeza neutrofili na kupunguza limfosaiti katika damu, hivyo uwiano huo huo utapanda. Utakuwa umeshusha kipimo kimoja na kupandisha kingine kwa kidonge kimoja, ukibaki na karatasi mbili zinazopingana.

Kuhusu aspirini, ambayo najua utaisikia, upo utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa EAGeR wa wanawake 1.228 waliokuwa wamewahi kupoteza mimba moja au mbili na waliokuwa wakijaribu kushika mimba kwa njia ya kawaida. Kwa jumla, aspirini ya miligramu 81 kwa siku haikuongeza watoto waliozaliwa hai kwa kiasi cha kuaminika. Baadaye watafiti walipowagawa kwa CRP, waliokuwa kwenye theluthi ya juu walionekana kunufaika: 59 kwa 100 walijifungua, dhidi ya 44 kwa 100 wa kundi lisilopewa dawa. Ni matokeo ya kutia moyo na ninayaheshimu, lakini hao hawakuwa wanawake wa FIV wenye mirija iliyoziba, na mgawanyo kama huo unaofanywa baadaye unahitaji kuthibitishwa na utafiti mwingine kabla ya kuwa kanuni. Katika FIV kwa ujumla aspirini haijaonyesha faida. Usiianze mwenyewe. Na zile dawa za maumivu ambazo tunazimeza kama peremende, diklofenaki na ibuprofeni, ziache kabisa siku za kuweka kiinitete, kwa sababu huzuia kemikali ambazo kizazi kinazihitaji wakati huo. Ukiumwa kichwa, tumia parasetamoli.

Sasa nifike mahali ambapo mimi ningeweka nguvu zangu zote: mirija yako. Umeniandikia kwamba imeziba, lakini hukuniambia imeziba wapi. Mrija ukiziba upande wa kizazi ni jambo moja. Ukiziba mwisho wake, upande wa ovari, majimaji hukusanyika ndani, mrija unavimba kama soseji, na hali hiyo huitwa hidrosalpinksi. Majimaji hayo hurudi yakachuruzika ndani ya kizazi, yakakisumbua kiinitete au kukisukuma. Mwanamke mwenye hidrosalpinksi hupata mimba kwa FIV takriban nusu tu ya mara ambazo angepata bila hiyo, na mara nyingi CRP yake ni ya kawaida kabisa, kwa maana ugonjwa uliouharibu mrija, hasa klamidia, huwa ulipita miaka iliyopita bila homa wala maumivu ya kukumbukwa. Ukanda wetu wa Afrika umejulikana kwa miongo mingi kuwa na wanawake wengi walioharibika mirija kwa maambukizi ya namna hii au baada ya kujifungua na kuharibikiwa mimba mahali pasipo safi. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha wanawake 204 wenye hidrosalpinksi. Walioondolewa mrija huo kabla ya FIV walijifungua kwa asilimia 28,6, na wasioondolewa asilimia 16,3. Tazama tofauti hiyo, kisha ilinganishe na ile ya prednizoni niliyokutajia, ambapo hapakuwa na faida yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kununua kidonge hata kimoja, itafute ile picha ya eksirei ya mirija uliyopigwa, ambayo mama zetu wengi huiweka chini ya godoro, uipeleke kwa daktari wa wanawake pamoja na ekografi (ultrasaundi) mpya ya ukeni iliyofanywa na mtu anayejua kutafuta mrija uliojaa maji. Kama hidrosalpinksi ipo na inaonekana kwenye ekografi, basi mazungumzo na Lusaka yabadilike kabisa: mrija uondolewe au ufungwe upande wa kizazi kwanza, viinitete vyako viwili vibaki kwenye baridi vikisubiri, kwa kuwa kiinitete kilichogandishwa vizuri hakizeeki.

Baada ya mirija, chunguza utando wa kizazi. Mchochota sugu wa utando huo hauonekani kwenye CRP. Hutambuliwa kwa kuchukua kipande kidogo cha utando na kutafuta ndani yake chembe za plasma kwa rangi maalumu iitwayo CD138, na ukithibitishwa hutibiwa kwa doksisiklini kwa siku 14. Hapo antibiotiki ina sababu. Kinachonisikitisha katika ushauri uliopewa ni antibiotiki isiyo na jina la ugonjwa. Klamidia na kisonono vinaweza kupimwa kwa ute. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinaitumia kwa kifua kikuu, ina katriji ya kupima vyote viwili, na ikiwa una mojawapo, mume wako atibiwe siku hiyohiyo pamoja nawe. Kama umewahi kuugua kifua kikuu, kuishi na mgonjwa wake, au damu yako ya mwezi imepungua sana bila sababu, mweleze daktari, kwa kuwa kifua kikuu huingia kwenye mirija na kizazi kwa siri kubwa. Mweleze pia kama ulikulia kando ya maji yenye kichocho. Pima mkojo. Mwone daktari wa meno. Pima malaria hata bila homa.

Hemoglobini ya 9,6 isikupite. Mimba itazidi kuishusha, na kujifungua ukiwa na damu kidogo ni hatari ninayoiogopa kwa mama wa hapa kuliko namba yoyote ya mchochota. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na hapa ndipo CRP yako inapata kazi ya kweli: mchochota hupandisha feritini kwa uongo, hata mtu asiye na madini ya chuma akaonekana anayo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asiye na mchochota ahesabiwe kuwa amepungukiwa na chuma akiwa chini ya 15, lakini mwenye mchochota ahesabiwe hivyo akiwa chini ya 70. Ukiwa na feritini ya 40 na CRP ya 12, unahitaji vidonge vya chuma, ingawa karatasi ya labo itakuandikia kwamba ni sawa.

Hukuniandikia uzito wako. Kama umezidi, kupunguza kutaishusha CRP na kutakusaidia wakati wa mimba kwa sukari na shinikizo, lakini usisimamishe matibabu kwa mwaka mzima kwa ajili hiyo: Uholanzi waliwafuatilia wanawake wanene 577, nusu wakipitia miezi sita ya kupunguza uzito kabla ya matibabu ya uzazi, na hao hawakupata watoto kwa wingi kuliko walioanza matibabu mara moja. Mume wako naye apimwe mbegu kama kipimo chake ni cha zamani. Chembe nyeupe zaidi ya milioni moja kwa mililita katika manii huhesabiwa kuwa nyingi, na huo ni mchochota ambao damu yako haiwezi kuuonyesha hata ukiipima kila wiki.

Kuhusu safari, nakushauri hivi. Rudia CRP mara moja tu, kwenye labo ileile ya kwanza yenye mashine, angalau wiki mbili baada ya homa, mafua au malaria yoyote, na uandike juu ya karatasi kwamba unakunywa vidonge vya mzunguko. Ikibaki chini ya 15 hivi kwa mg/L (yaani 1,5 kwa mg/dL inayotumiwa na labo hiyo) na wewe huna homa, huna maumivu chini ya tumbo, huna ute wenye harufu, na ekografi haionyeshi mrija wenye maji, mimi nisingeahirisha safari kwa sababu ya CRP. Ikipanda kupita 30 (3 kwa mg/dL) au ikiambatana na dalili hizo, chanzo kitafutwe kwanza na kitibiwe, kisha ipimwe tena baada ya wiki moja, muda unaotosha kwa CRP kushuka. VS usiitazame wakati huo, maana yenyewe huchukua wiki kadhaa kurudi. Hizo 15 na 30 ni mipaka yangu ya kazini, nimekuwekea ili uwe na mahali pa kusimamia, na daktari wa Lusaka akiwa na mipaka yake tofauti kidogo mfuate yeye. Mpelekee karatasi zote mbili za mwanzo bila kuficha ile ya 12, na kabla hajapanga siku ya kuweka kiinitete, mwulize kwa sauti swali moja: je, kwenye ekografi ya mwaka jana, mirija yangu ilikuwa na maji?